Chembe Inayotembea na Barua Tano za Bara

Wiki haijaisha tangu nikabidhi chumba cha simu, na tayari mmeniletea vikaratasi vitatu kuuliza ufunguo wa kabati la mrututu uko wapi. Uko juu ya kabati. Ulikuwa hapo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na kama mngefuta vumbi siku moja mngeukuta. Kikaratasi cha nne kimenitaka niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia wajifunze. Hilo ni jambo jingine, na nafasi ya kulifanya ninayo. Asubuhi naketi barazani hapa Kivinje, maji yamekupwa, matope yanang'aa hadi kwenye mikoko, na kichwa changu kinakwenda kinakotaka. Nitaandika, ila msitegemee kuambiwa nilipanda cheo lini. Vyeo vimo katika majalada, na mchwa wanavisoma.

Niliingia kazini zamani za Wadachi. Nilikuwa nimehitimu Kurani, najua kuandika kwa herufi za Kiarabu, kisha nikapelekwa shule ya serikali nikapata na za Kizungu. Posta ilitaka karani mwenye herufi zote mbili, maana barua za watu wa bara zilikuja kwa zile na simu za wakubwa kwa hizi. Jina langu Athumani bin Saidi waliliandika kwa makosa siku ya kwanza, wakaendelea kulikosea mpaka walipoondoka.

Mkuu wa posta alikuwa Mdachi mrefu, mwembamba, mwenye wino kwenye mkono wa koti. Umri wake haukunizidi sana. Watu wa mjini walimwita Bwana Chelewa, kwa sababu kila aliyefika dirishani na kumuuliza habari za Dar es Salaam, alimjibu, "Habari zote zimechelewa." Walidhani anasema meli ya barua. Mimi nami nilidhani hivyo kwa miezi mingi.

Siku ya kwanza alinipa kazi ya kuosha machupa. Umeme wetu haukutoka kwenye mtambo, ulitoka kwenye safu ya machupa ya kioo, kila moja na shaba chini na zinki juu, na katikati maji. Kwenye shaba unatia mrututu, ule wa buluu. Mimi mrututu niliujua ni dawa ya vidonda, basi nikamuuliza, "Bwana, simu ina kidonda gani?" Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akanifundisha jambo ambalo nami nimewafundisha ninyi na bado hamlishiki: msitikise chupa. Buluu ikae chini, maji meupe yakae juu. Buluu ikipanda ikigusa zinki, mmeua umeme kwa mikono yenu, na hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Waya ulikuwa mmoja, unatoka kaskazini, unaingia Kivinje, unakwenda zake Lindi hadi Mikindani. Nguzo zilikuwa za chuma kwa ajili ya mchwa, na juu yake vikombe vyeupe vya kauri ili umeme usimwagike ardhini mvua inaponyesha. Nilitembea chini ya waya ule siku nyingi kuliko nilizolala nyumbani. Tembo walijikuna kwenye nguzo, wazuri wa vijijini walitamani waya kwa bangili, na upepo ukivuma waya ulikuwa unaimba sauti nyembamba ya kuleta usingizi. Nilikuwa nikiegemeza sikio kwenye chuma na kufumba macho. Naona aibu kidogo kusema, lakini niliwahi kulala nimesimama namna hiyo, nikaamshwa na mbuzi.

Mashine yetu iliandika nukta na vistari kwenye utepe wa karatasi. Bwana Chelewa alitaka tusome utepe. Mimi baada ya mwaka mmoja nilikuwa nasikia herufi kabla hazijaandikwa, kwa mlio wa chuma tu, nikawa naandika huku natazama dirishani. Aliliona hilo. Tangu siku ile akaanza kuzungumza nami mambo yake.

Mambo yake yalikuwa umeme, na simaanishi ule wa machupa. Kwao alisoma chuo kikuu, akaacha kabla ya kumaliza. Sababu hakuniambia, nami sikumuuliza. Lakini kila meli ilimletea majarida ya wataalamu, na alasiri dirisha likishafungwa alikuwa akiyafunua taratibu kama mtu anayefunua chakula. Miaka ile, alinieleza, watu wawili, mmoja Mfaransa na mmoja Mdachi, kila mmoja kwake, pasipo kujua habari za mwenzake, walikuwa wameandika kanuni ile ile. Kanuni yenyewe inahusu chembe moja ndogo ya umeme inayotembea.

Nitaieleza nilivyoielewa, na mwenye elimu zaidi anisamehe. Chembe ya umeme haikai peke yake. Pande zote zinazoizunguka, karibu na mbali, kuna kitu ambacho yeye alikitaja kwa neno refu la Kidachi na mimi nikakiita kimo. Tangi la maji likiwa juu ya kilima, maji yana nguvu ya kusukuma hata kabla hujafungua bomba. Vivyo hivyo kila mahali pana kimo chake cha umeme, kikubwa karibu na chembe, kidogo mbali nayo. Chembe ikitulia, hesabu ni nyepesi: umbali ukiwa mara mbili, kimo ni nusu. Ikitembea, kinazaliwa kimo cha pili, nacho kina mwelekeo, kinaelekea kule chembe inakoenda. Ndicho kinachovuta sindano ya dira ukiipeleka karibu na waya wenye umeme.

"Sasa, Athumani," alisema, "chembe inatembea. Mimi niko mbali. Kimo ninachokipima hapa saa hii, kimetoka wapi?"

"Kimetoka kwenye chembe, Bwana."

"Chembe ilipo, au chembe ilipokuwa?"

Alikuwa na tabia ya kuuliza na kuniachia swali mpaka kesho yake.

Kesho yake alinipa debe tupu na rungu, akanipeleka pwani maji yamekupwa. Akaniambia niende mbali kabisa matopeni, kisha nije kwake kwa mwendo mmoja, napiga debe kila hatua kumi. Yeye alisimama na saa mkononi. Wanawake waliokuwa wakichimbua chaza walinyoosha migongo kutazama.

"Athumani!" mmoja akapaza sauti. "Leo umekuwa mpiga mbiu wa kaa?"

"Msimcheke," akasema mwenzake. "Serikali imemtuma awatoze kodi."

Nilivumilia. Nilipofika, Bwana Chelewa alikuwa na furaha ya mtoto. Alisema aliuona mkono wangu ukishuka kwanza, na mlio ukamfikia baadaye, kwa hiyo kila mlio aliousikia ulitoka mahali ambapo mimi sipo tena. Kisha akaniambia la pili, nalo ndilo lililonikaa kifuani. Anayekuja huku anatoa habari, habari zake zinabanana, maana kila inayofuata ina njia fupi kuliko iliyoitangulia. Anayekwenda zake, habari zake zinaachana. Mtu anayekusanya habari za chembe inayomjia huikuta chembe mahali hapa, na kabla hajaipita anaikuta tena mbele kidogo, kwa kuwa nayo imo safarini pamoja na habari zake. Akijumlisha, anapata chembe kubwa kuliko iliyopo. Kwa hiyo wale mabwana wawili wameweka katika kanuni yao kigawanyo cha kurekebisha: kadiri mwendo wa chembe unavyokaribia mwendo wa habari, ndivyo kimo kinavyoonekana kukua. Na kile kimo cha pili ni cha kwanza kikizidishwa kwa mwendo, basi.

"Lakini yenyewe," nikauliza, "imeongezeka?"

"Hata kidogo. Ni ile ile moja."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasema Wazungu wakikosa kazi huwa hatari. Nadhani alisema kweli, lakini mimi nililala usingizi mtamu sana usiku ule.

Kisha vikaja vita vya maji. Ninyi mmezaliwa baadaye, mmesikia kwa wazee wenu, na kila mzee ana vita vyake. Vilianza kwenye vilima vya Umatumbi, kwa watu waliochoka kulimishwa pamba, vikashuka na kuenea. Waya ulikatwa mara kwa mara. Nilikwenda kuuunga nikiwa na askari wawili walioogopa kuliko mimi. Mimi sikuwa shujaa wa upande wowote. Nilikuwa na waya wangu, na nilikuwa na ndugu zangu bara.

Ndugu mwenyewe alikuwa Mwanahawa, mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa mbali, ng'ambo ya mto Matandu, siku nyingi za kutembea kupita Njinjo. Tangu vita vianze hatukupata neno lake. Vijiji vilikuwa vinachomwa, na maghala ya mtama pia, na watu waliobaki walikuwa wakitangatanga. Mama aliacha kumtaja. Alikuwa akitandika kitanda cha bintiye kila Ijumaa, akakitandua, akakitandika.

Bara hakukuwa na waya. Habari zililetwa na matarishi kwa miguu, barua imebanwa kwenye ufito uliopasuliwa ncha. Bwana wa askari, mkubwa wa jeshi pale bomani, aliamuru majumbe wote wa njia ya Njinjo waandike kila wanapoona kundi la watu. Barua zilifikia posta, kwa sababu mimi ndiye niliyezisoma. Utaratibu wetu ulikuwa huu: barua ikifika, naipiga muhuri wa siku na saa ya kufika, naitafsiri, inapelekwa bomani. Kule bwana wa askari alikuwa na ramani ukutani, na kila barua ilipata pini yake yenye kibendera chekundu. Majumbe wetu, kama mjuavyo, waliandika salamu nusu ukurasa, wakamwombea kila mtu afya, wakasahau kuandika siku. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Siku ilikuwa ni ile ya muhuri.

Jumatatu jioni ilifika barua ya kijiji cha mbali kabisa: wamepita watu kama sitini, wanashuka pwani. Jumanne asubuhi ya pili, kutoka kivuko cha Matandu: watu sitini na zaidi, wengine wana mikuki. Jumanne alasiri ya tatu, kutoka Njinjo: watu sitini, wamo wanawake. Niliisoma ya Njinjo hadi mwisho, na mwisho wake jumbe aliandika, "Na yumo mwanamke wa Kivinje, Mwanahawa binti Saidi, anaomba nduguye wa posta aambiwe kuwa anakuja."

Niliiweka mezani. Katika tafsiri niliyopeleka bomani, mstari ule sikuuandika.

Jumatano asubuhi ikaja ya nne, ya Migeregere: watu hamsini na kitu, na mwanamke mmoja anasema kaka yake yuko posta. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Bomani barua mbili zile zilikuwa makundi mawili, watu mia na kumi, pini mbili. Lakini dada yangu ni mmoja! Nikamwita tarishi, ambaye alikuwa kibarazani anakunywa maji, nikamuuliza swali ambalo siku zote hizo hakuna aliyeuliza.

"Uliondoka lini Migeregere?"

"Jana asubuhi, baada ya uji. Walipofika tu jumbe akanituma."

"Na yule wa Njinjo aliyekuja jana, unamjua aliondoka lini?"

"Shaibu? Juzi asubuhi. Alinipita pale kwetu, hakusimama hata kunywa maji. Ana mbio yule, mguu wa paa."

Kwa hiyo Jumatatu walikuwa Njinjo, Jumanne Migeregere, na sisi tumepata habari zote mbili kati ya Jumanne alasiri na Jumatano asubuhi. Watu wanaotembea mwendo wa siku nzima kwa kituo, na matarishi wanaomaliza vituo viwili kwa siku. Kila barua ilikuwa na njia fupi kuliko ya kabla yake, kwa hiyo zimebanana. Kundi moja lilikuwa linakuja, na sisi tulikuwa tunalihesabu tena na tena kadiri lilivyotukaribia.

Mchana nilikimbia nyumbani.

"Mama, Mwanahawa yu hai. Kesho adhuhuri atakuwa hapa."

Mama alishika nguzo ya mlango. "Umejuaje, baba?"

"Nimepiga hesabu."

"Hesabu yako inajua miguu ya Mwanahawa? Yule hatembei, anazurura." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaenda kwa jirani kuomba mchele, na wakati wa vita vile mchele ulikuwa dhahabu.

Bomani sikwenda. Nasema wazi: niliogopa. Karani anayesimama mbele ya mkubwa wa jeshi na kusema watu wanaokuja si hatari, na mmoja wao ni dada yake, huyo wamemfunga kamba kabla hajamaliza sentensi. Nilijiambia nitangoje barua moja zaidi. Ilikuja alasiri, kutoka kijiji cha mwisho kabla ya Nangurukuru: wamepita watu wengi mno. Jumbe yule alikuwa mwoga, na hofu haijui kuhesabu. Bwana wa askari akajumlisha, akapata mia tatu na ushei wanaokusanyika kuvamia mji. Kabla ya magharibi nilisikia amri: bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, ipelekwe Nangurukuru, njia zinapokutana, ipige mara tu watakapotokeza.

Ndipo nikaingia kwa Bwana Chelewa nikamwambia yote, na ule mstari nilioficha. Hakunikaripia. Alitandaza karatasi, akachora njia upande mmoja na siku upande wa pili. Matarishi wote watano nilikuwa nimeshawauliza, nikamtajia saa walizoondoka, yeye akatia nukta. Nukta tano zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba zimewekwa kwa rula. Alizitazama kwa muda, uso wake umelegea kama wa mtu anayesikiliza muziki wa kwao.

"Kundi moja," akasema. "Watu sitini. Kesho saa nne watakuwa hapa." Akaweka kidole mbele kidogo ya Nangurukuru. Kisha akaongeza, maana hakuweza kujizuia, "Ila mstari huu ni wa asiyesimama, Athumani. Kwenye chembe kuna ajabu moja. Ikienda mwendo mmoja, nguvu yake huelekeza pale ilipo sasa, ijapokuwa habari zilitoka nyuma, kana kwamba zimekisia. Lakini ikisimama ghafla, aliye mbali hajui. Bado anaelekezwa mahali ambapo chembe ingekuwa kama isingesimama, mpaka habari ya kusimama imfikie."

Nikaitikia kama mtu anavyoitikia hotuba ya Ijumaa huku anafikiria pilau.

Tulikwenda pamoja bomani. Bwana Chelewa alizungumza Kidachi, nami nilikijua cha kutosha. Jina la dada yangu hakulitaja. Alionyesha karatasi, akaeleza, akaeleza tena. Bwana wa askari alisema hawezi kuuhatarisha mji kwa ajili ya mchoro. Bwana Chelewa akaomba kitu kimoja: mtu mmoja atangulie mbele ya bunduki, awapokee njiani, awahesabu.

"Nani?"

"Karani wangu."

"Na kama ni mia tatu?"

"Basi nimepoteza karani, na wewe bado una bunduki yako."

Mpaka leo sijui nimpende au nimchukie kwa jibu lile. Lakini lilikubaliwa.

Alhamisi asubuhi nilipita Nangurukuru nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya posta. Askari walikuwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi, na bombomu imefunikwa majani. Nilitembea mbele yao mpaka mgongo ukaacha kuwasha. Kulikuwa na ukungu mwepesi uliokuwa unapanda kutoka mabondeni, na kila kitu kilionekana laini, miti, njia, hata mikono yangu. Nilikuwa na ile karatasi mfukoni. Sikuogopa. Nilijua dada yangu yuko wapi saa ile, kwa hatua, kuliko nilivyowahi kujua mtu yeyote yuko wapi. Sasa anapita bonde. Sasa anapanda. Sasa amebeba kanga begani kwa sababu jua limetoka. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Walitokeza saa nne na nusu. Wanaume wachache wenye mikuki ya kuwindia, wazee, wanawake wenye masufuria na watoto migongoni. Niliinua mikono nikawaita kwa salamu, wakasimama, nikawahesabu huku nasogea. Hamsini na saba. Nilihisi furaha mpaka nikataka kuimba. Nikapita katikati yao natazama nyuso, moja moja, hadi mwisho, kisha nikarudi kutoka mwisho hadi mwanzo.

Bibi mmoja mzee alinishika mkono. Nilijua baadaye kuwa aliitwa Bi Somoe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa posta?"

"Ndimi. Mwanahawa yuko nyuma?"

Hakuniachia mkono. "Alitujaza jina lako njia nzima. Kila kijiji, kaka yangu yuko posta, kaka yangu yuko posta. Tulimcheka."

"Yuko wapi, bibi?"

"Homa ilimshika tulipotoka Migeregere. Juzi, Jumanne, alasiri akalala chini, magharibi akatutoka. Tumemzika pale pale kando ya njia, mwanangu. Tumemsomea tulichokijua."

Jumanne magharibi. Jumatano asubuhi nilisoma kwamba anasema kaka yake yuko posta. Jumatano mchana nilimwambia mama yu hai. Jumatano jioni tulichora mstari na yeye akiwa juu yake anatembea, na asubuhi ile nimempandisha mlima, nimembebesha kanga. Nilikaa chini njiani nikalia, na watu hamsini na saba wakanisubiri, kwa kuwa wao walikuwa wamemaliza kumlilia.

Kisha nikainuka, maana bunduki ilikuwa bado mbele yao. Nikatangulia nimeinua mikono, nikawapitisha. Hakuna risasi iliyolia. Bwana wa askari aliwahesabu mwenyewe mara mbili, akaamuru wapelekwe ua wa boma, asitoke mtu mpaka jioni wakishaandikwa majina. Bwana Chelewa alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mjini, saa mkononi, jasho usoni, anapiga kelele kabla hajanifikia, "Nusu saa! Tumekosea nusu saa tu!" Alipouona uso wangu akairudisha saa mfukoni. Nilimweleza. Hakusema neno lolote la umeme. Alivua kofia yake, akasimama nami juani kwa muda, halafu akasema, "Nenda kwa mama yako."

Wakaondoka wote, nikabaki mahali njia zinapokutana. Toka hapo hadi Kivinje ni mwendo wa saa moja na kitu kwa mtu mwenye haraka. Watu wa bara walikuwa wamefungiwa. Hakuna tarishi, hakuna waya, hakuna jirani aliyejua. Habari ile ilikuwa na njia moja tu ya kumfikia mama, nayo ni mimi.

Nilitazama jua. Ilikuwa karibu saa sita. Mama wakati ule alikuwa ameshapika wali, amejaza maji ya kuoga kwenye mtungi, amesugua liwa ya kumpaka bintiye, anakwenda mlangoni na kurudi. Kwake Mwanahawa alikuwa bado anatembea, ameshavuka Nangurukuru, amebakiza kidogo. Alikuwa akimsema kwa sauti kwamba anazurura. Mama hakuwa amefurahi hivyo tangu vita vianze, na ningefika tu furaha ile ingekwisha.

Basi nikaketi. Ninyi mnajua nilivyowagombeza kwa kuchelewesha simu hata dakika tano, na mlikuwa mkinung'unika kwamba mzee hana moyo. Niliketi pale chini, kanzu yangu imejaa vumbi, sifanyi chochote, mpaka adhuhuri ikapita na kivuli changu kikaanza kurefuka. Nilimwachia mama saa ile moja. Kisha nikainuka nikaenda kumwambia.